Choo Hutangulia Mnara

Aliyenimwagia maharage alikuwa Bibi Oleta Grubbs, mwenye mgahawa, na hakuyamwaga kwa bahati mbaya.

Ilikuwa Jumanne mchana. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu kilekile cha miaka tisa, pale dirishani. Akaja na bakuli, akasimama mbele yangu, akaliinamisha polepole juu ya mapaja yangu huku ananitazama machoni.

"Hayo ni ya hisa zangu mia mbili za kampuni ya Pale Mesa," akasema. "Ukitaka na mkate wa mahindi, sema, nikurushie."

Mgahawa mzima ukacheka. Hakuna aliyeniletea kitambaa.

Kwa mliopandia njiani, mimi ndiye Harlan Tidwell wa Agua Mala, magharibi mwa Texas. Ndiye yule ambaye mnyororo wa mtambo ulimla vidole viwili, mkewe akamfuata mnadi wa ng'ombe, na mbwa akamfuata mke. Nilipobaki sina kazi nikageuka mpiga hesabu. Kila wiki nazunguka kaunti na pikapu na darubini, nahesabu mitambo inayochimba mafuta na kuandika ni ya kampuni gani. Ijumaa asubuhi nabandika karatasi ukutani kwa Oleta. Watu wa mji huu wanaiamini karatasi yangu kuliko redio. Wakiisoma, wanakwenda kununua hisa au kuuza.

Wiki iliyopita niliandika kwamba Pale Mesa ina mitambo kumi na mmoja kaskazini mwa kaunti. Kampuni yenyewe ilikuwa imetangaza saba. Mji ulinunua hisa kama unagombea mkate wa bure. Jumatatu zikapanda. Jumanne asubuhi kampuni ikasema inayochimba kweli ni mitatu tu. Kufika saa tatu, hisa zilikuwa zimepoteza nusu ya bei.

Na bado kuna dada yangu, Verlene.

Baba aliuza shamba letu juu, majani na kisima, akabaki na kilicho chini. Kwetu ndivyo: mwenye nyasi si lazima awe mwenye mafuta. Alipokufa, chini ya kaskazini ikawa yangu, chini ya kusini ikawa ya Verlene. Sasa Pale Mesa walitaka cha Verlene, na badala ya pesa wampe hisa zao. Alikuwa asaini Ijumaa saa nne asubuhi. Alikubali kwa sababu ya karatasi yangu na si kwa sababu nyingine.

Basi nilikuwa naokota maharage mapajani mwangu alipoingia yeye mwenyewe.

Verlene ana miaka sitini na miwili. Anauza chakula cha mifugo, ananyanyua gunia la kilo ishirini bila kuguna, na hajaniita kwa upole tangu nilipovunja redio ya mama nikiwa na miaka minane.

"Kumi na mmoja, Harlan?"

"Kumi na mmoja, dada. Niliiona kwa macho yangu haya."

"Kampuni inasema mitatu."

"Kampuni inawaficha washindani. Hujui biashara hii wewe. Wanasema mitatu leo ili wanunue hisa zao wenyewe kwa bei ya kutupa, kesho kutwa wanasema kumi na mmoja. Saini tu. Zitapanda."

Lonnie Strack, fundi matairi, akapiga meza. "Msikilizeni! Amekwisha kutuzika, sasa anatuuzia sanda!"

"Nyamaza Lonnie, wewe hata ng'ombe wako mwenyewe huwezi kuwahesabu."

"Ng'ombe niliwauza ili ninunue Pale Mesa, mjinga wewe!"

Verlene akaniuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Harlan. Uliiona inachimba?"

"Niliiona."

Sasa nitubu, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu. Sikuiona inachimba. Niliiona imesimama.

Mlinzi wa langoni alinifukuza, nikarudi barabara ya lami, maili nne kutoka pale, nikaweka darubini juu ya paa la pikapu. Nikahesabu minara. Taa zilikuwa zinawaka kwenye kila mmoja. Kumi na mmoja. Lakini yeyote aliyewahi kuvaa kofia ngumu anajua kwamba mnara hauhesabiwi. Kinachohesabiwa ni ile kamba ya chuma, kama inapanda na kushuka. Mnara usio na kamba inayotembea ni mlingoti wa bendera isiyo na nchi. Nilijua hivyo miaka thelathini.

Kwa nini basi niliandika? Hakuna aliyenihonga. Afadhali ningehongwa, ningekuwa na la kujitetea. Ni kwamba vijana wapiga hesabu wa Houston, wenye picha zao za setilaiti na kahawa zao za dola saba, walikuwa wamesema saba. Nami nilitaka mara moja tu katika maisha yangu niwe nimeona wasichokiona. Basi.

Alhamisi asubuhi nilitoka kwenda kuwathibitishia wote kwamba mimi ni mkweli. Ndivyo kiburi kilivyo, hukuamsha mapema.

Sikwenda langoni. Nilikwenda kumtafuta Chuy Armendáriz.

Chuy anaendesha lori la kunyonya vyoo, vile vya plastiki vinavyowekwa kwenye mitambo. Benki hawamjui, Houston hawamjui, lakini hakuna anayeifahamu biashara ya mafuta ya kaunti hii kama yeye. Kampuni inaweza kudanganya serikali na soko la hisa. Vibarua ishirini waliokula maharage hawawezi kumdanganya Chuy.

Nilimkuta ameegesha kando ya barabara ya mchanga, anakula mkate wa ngano uliokunjwa na mayai ndani.

"Mzee Harlan! Umekuja kuomba kazi? Nina bomba la ziada."

"Acha mzaha. Unahudumia mitambo mingapi ya Pale Mesa huku kaskazini?"

"Mitatu."

"Haiwezekani. Ipo kumi na mmoja. Nimeihesabu."

"Ipo, ndiyo. Minane haina mtu." Akatafuna, akameza. "Mnara hauendi haja, mzee."

"Taa zinawaka!"

"Jenereta na mlinzi mmoja. Na huyo mlinzi anakojoa nyuma ya gari lake, mimi sihusiki."

Nilikaa kwenye ngazi ya lori lake. Harufu ilikuwa mbaya lakini nilistahili. Mitatu. Kampuni ilisema kweli, na mwongo alikuwa mimi. Nilimwona Verlene kichwani mwangu, ameshika kalamu, anabadilisha chini ya ardhi ya baba kwa makaratasi yanayooza.

"Ila wana vyoo vipya," akasema Chuy.

"Vipya vipi?"

"Jana nimepeleka vinne mahali ambapo hapana hata msumari. Nikamwuliza yule mkubwa wao, mbona mapema hivyo? Akanijibu nishushe niende zangu."

"Wapi?"

"Lile shamba la zamani lenye lango la buluu. Lina kinu cha upepo kilichokatika mabawa."

Mabawa yale yalikatwa na kimbunga nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mimi na baba ndio tuliopaka lango lile rangi ya buluu.

"Vinne ni vingi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Vinne ni mtambo mkubwa, mzee, ule wa kuchimba visima sita mahali pamoja. Choo hutangulia mnara. Kwanza mimi, halafu matingatinga, halafu mnara. Mimi ndiye nabii wao." Akacheka peke yake.

Sikucheka. Nilikwenda.

Vilikuwepo. Vinne, vya kijani, vimepangwa mstari mmoja chini ya kinu cha baba, upande wa kaskazini, hatua mia mbili hivi kutoka mpakani. Na ardhini kulikuwa na vigingi vyenye utepe wa rangi ya waridi. Nilivifuata kwa miguu. Vilitoka kwenye vyoo vikaelekea kusini, vikavuka uzio, vikaendelea kusini ndani ya upande wa Verlene mpaka macho yangu yakaishia.

Siku hizi kisima hakiendi chini tu. Kinashuka, kinapinda, kisha kinatambaa chini ya mwamba maili mbili tatu. Wangesimamisha mnara kaskazini na kunyonya kusini.

Nikaelewa. Mitambo minane imelala, hisa zinaanguka, kampuni inahema, na mmoja mzuri katika ile mitatu iliyowabakia wanauleta hapa. Hawa watu walikuwa wanajua kitu gani kipo chini ya dada yangu, na walitaka kukichukua kwa hisa zisizofaa hata kuwashia moto.

Msomaji mwerevu ameshaniuliza: kaskazini si kwako, Harlan? Kwako wamepitaje? Tulia. Hilo nalo linakuja, na usifikiri nina hamu nalo.

Nilifika dukani kwa Verlene saa tisa mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anapanga magunia.

"Usisaini," nikasema.

"Toka."

"Dada, nisikilize. Ni mitatu tu. Nilikosea. Lakini wanaleta mtambo mkubwa kwa baba, nimeona vyoo..."

"Umeona nini?"

"Vyoo. Vinne."

Akaweka gunia chini. "Jumanne ulisema saini. Leo unasema usisaini. Jumanne ilikuwa kumi na mmoja, leo mitatu. Kesho utaniambia mwezi umedondoka. Na ushahidi wako ni vyoo."

"Verlene..."

"Royce Kittrell aliniambia utakuja." Royce ni dalali wa Pale Mesa, anayezunguka akinunua vya chini. "Alisema: mama, hisa zikishuka kaka yako atakuja mbio kukuzuia, kwa sababu anataka chako kiwe chake. Nikamtetea! Nikasema Harlan ni mjinga lakini si mwizi. Na tazama, umekuja mbio."

"Huyo Royce ni nyoka."

"Na wewe ni nani? Miaka tisa mji huu unakula kwa mdomo wako. Mjane wa mchungaji ameweka akiba ya mazishi yake kwenye karatasi yako. Umekwenda kumwomba radhi?"

Sikuwa nimekwenda.

"Hujawahi kusema umekosea mbele ya watu, hata siku moja," akasema. "Redio ya mama ulisema ni paka. Hatukuwa na paka, Harlan! Miaka hamsini nangojea useme ni wewe."

"Ni mimi niliyeivunja."

"Hapa tupo wawili, hapa hata kuku anatubu." Akafungua mlango, akaushikilia. "Kesho saa nne nitakuwa kwa Oleta. Ukitaka nikuamini, simama mbele ya wale uliowadanganya, useme ulichokifanya na kwa nini. Ukishindwa, usije. Nitasaini, na siku ya kuzikwa kwangu usibebe jeneza."

Ijumaa niliamka, nikanyoa, nikajikata mara mbili.

Kwa nini kwa Oleta? Kwa sababu muhuri wa kushuhudia saini katika mji wetu anao yeye. Anauweka chini ya droo ya pesa, pamoja na dawa za kiungulia. Watu wamefunga ndoa, wameuza mashamba na kukana watoto wao mbele ya muhuri ule, na baadaye wakaagiza pai.

Mgahawa ulikuwa umejaa. Habari ya kwamba Verlene anasaini ilikuwa imeenea, na kwa hasira waliyokuwa nayo watu walitaka kuona mtu mwingine naye anaumia. Royce Kittrell alikuwa amekaa meza ya katikati. Buti zake za ngozi ya mbuni zilikuwa hazina hata punje ya vumbi. Makaratasi mbele yake, kalamu ya dhahabu mbele ya Verlene.

"Karibu, Bwana Tidwell," akasema Royce. "Umekuja kubandika uongo wa wiki hii?"

Wakacheka. Nilikwenda moja kwa moja ukutani. Karatasi yangu ya wiki iliyopita ilikuwa bado pale, mtu ameichora pembe na mkia. Nikaichana.

"Nina neno," nikasema.

"Tuna maneno zaidi yako!" akapaza Lonnie Strack. "Kaa chini!"

"Lonnie, nipe dakika moja, kisha unipige."

"Nitapiga bure au kwa zamu?"

"Mwache," akasema Verlene.

Nikasema. Nikawaambia kuhusu mlinzi wa langoni, barabara ya lami, na zile maili nne. Nikawaambia kwamba sikuiona kamba ikitembea hata kwenye mtambo mmoja, kwamba nilijua ni kosa, na niliandika hivyohivyo kwa sababu nilitaka kuwazidi watoto wa Houston. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, sikuipenda.

"Kwa hiyo hukuwa na macho mabovu," akasema Oleta.

"Hapana."

"Hukudanganywa."

"Hapana, Bibi Oleta. Nilitaka sifa."

"Ng'ombe wangu thelathini na wanne," Lonnie akasema taratibu. "Kwa sifa."

Hakunipiga. Aliketi, akaficha uso kwa mikono yake yenye grisi. Afadhali angenipiga.

Verlene hakunitazama kwa huruma, yeye hana. Lakini alisogeza kalamu mbali kidogo na karatasi. "Sasa sema vile vyoo."

Nikavisema vyoo, na vigingi, na utepe wa waridi unaovuka uzio. Nikamwambia wanaleta mtambo mkubwa kwa baba, na kwamba hisa wanazompa zitakuwa takataka kabla haujachimba hata futi moja. Watu wakageuka kumtazama Royce. Wote pale wamelelewa na mafuta, hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya vyoo vinne mahali patupu. Mzee mmoja nyuma akapiga mluzi.

"Ni kweli?" Verlene akamwuliza Royce.

"Mama, kampuni huweka vyoo mahali pengi. Ni suala la usafi."

"Usafi wa nani? Sungura?" akasema Oleta.

Kwa mara ya kwanza wiki ile walicheka na hawakunicheka mimi. Niliona mkono wa Verlene unafunika kalamu na kuanza kuirudisha kwa Royce. Moyo wangu ukatulia. Nikafikiri, kumbe kusema kweli ni rahisi hivi.

Kisha akasita.

"Umesema vyoo viko kaskazini."

"Ndiyo."

"Kaskazini ni kwako. Wamepata wapi ruhusa ya kuchimba kwako?"

Nikatazama sakafu. Ilikuwa na punje ya haragwe la Jumanne.

"Harlan."

"Niliuza," nikasema.

"Uliuza nini?"

"Changu. Miaka miwili sasa. Kwa Royce."

"Kwa dola ngapi, wewe!"

Nilielekeza kidole dirishani, kile kimojawapo kati ya vilivyobaki. Mgahawa mzima ukageuka kuitazama pikapu yangu.

"Ile?" Verlene akasema. "Ile isiyofunga mlango?"

"Wakati ule ulikuwa unafunga."

Hakuna aliyecheka. Uso wa dada yangu ulikuwa umebadilika, umekuwa wa mama, siku zile za mwisho. "Miaka miwili unakula kwangu kila Jumapili," akasema. "Unakula kuku wangu, unabariki chakula mezani pangu, na ulikuwa umeshamuuza baba."

"Nilikuwa na dhiki, Verlene. Neta alikuwa ameondoka na yule mnadi wa ng'ombe..."

"Usimtie Neta hapa!"

Ndipo Royce akakohoa. Alikuwa ametulia muda wote huo, na mtu aliyetulia katikati ya ugomvi wa wenzake ana jambo mfukoni.

"Mama Verlene," akasema, "sikutaka tufike huku. Ila kabla hujanirudishia kalamu yangu, fungua ukurasa wa pili. Usome aya ya tatu. Soma kwa sauti, kaka yako naye asikie, maana sidhani kama siku ile alisoma."

Verlene akavaa miwani. Akasoma, anaburuta kidole.

"'Kwa saini hii ninathibitisha na kukubali mauzo yaliyokwisha kufanywa na Harlan Tidwell, msimamizi wa mirathi, kwa niaba ya warithi wote, kaskazini na kusini...'"

Akaacha kusoma.

Siku ile ya pikapu karatasi niliisainia juu ya boneti, jua linachoma, funguo zinaning'inia kwenye kidole cha Royce. Baba aliniachia usimamizi wa mirathi kwa sababu nilikuwa mwanaume. Royce aliniambia saini hapa na hapa. Nikasaini hapa na hapa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikichimba kwa kalamu.

"Sikujua," nikasema. "Naapa kwa kaburi la mama, sikujua."

"Usimguse mama," akasema Verlene.

"Kwa hiyo, mama, suala la leo si kuuza," Royce akasema kwa upole uleule. "Kilishauzwa. Kampuni inataka tu karatasi iwe safi, na kwa wema wake inakupa na hisa. Ukisaini, yamekwisha, mnaenda nyumbani. Usiposaini, tunakwenda kwa jaji. Na mtu wa kwanza jaji atakayemwuliza ni yule aliyeuza mali ya dada yake bila kumwambia. Hilo kosa lina jina lake katika Texas, na lina gereza lake."

"Unamtishia mtu kwenye mgahawa wangu?" Oleta akasema. Alikuwa ameshika muhuri kama anataka kumpiga nao.

"Namweleza sheria."

"Usisaini, Verlene!" Lonnie akanguruma. "Mwache aende jela! Nitampelekea maharage mimi mwenyewe!"

"Usisaini!" wengine wakaitikia. "Afungwe!" Watu niliowauzia matumaini miaka tisa walikuwa wamesimama, na sikuona hata mmoja aliyesema vinginevyo.

Verlene akavua miwani. Akanitazama, na kelele zote zikafa.

"Wewe ndiye mpiga hesabu," akasema. "Nikisaini, baba amekwenda wote, kaskazini na kusini, na wewe unabaki. Nisiposaini, baba anabaki nusu na wewe unakwenda. Nihesabie. Nifanyeje?"

Jibu nililijua. Lilikuwa neno moja. Mtu aliyekula kuku wake miaka miwili, mtu aliyetoka kutubu mbele ya mji mzima dakika kumi zilizopita, alipaswa kulitamka kabla hajamaliza kuuliza. Nilifungua mdomo kulisema. Nikaona lango la gereza la kaunti, na mimi ndani na vidole vyangu vinane.

Nikasema, Mungu anisamehe, "Nipe dakika moja nifikirie."

Verlene hakulia siku tuliyomzika baba. Hakulia hapo pia. Alitikisa kichwa kidogo tu, akavuta karatasi karibu, akainama, akaanza kuandika.

Royce akatabasamu na kunyoosha mkono kupokea.

Lakini jina la dada yangu ni maneno mawili. Nilikuwa nimesimama mbali, sikuweza kuona anaandika nini. Niliiona kalamu tu. Ilimaliza mstari mmoja, ikarudi mwanzo. Ikamaliza wa pili. Tabasamu la Royce likaanza kufifia. Oleta akasogea, akalisoma kwa sauti neno la kwanza juu ya bega lake, "Sikubali", akauweka muhuri mezani na kuniangalia mimi.

Kalamu ilikuwa kwenye mstari wa nne, na bado inakwenda.